Akina Murphy si ukoo mmoja

Murphy wa kwanza niliyemjua alikuwa mweusi. Kwa sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video ndivyo ilivyokuwa: Eddie Murphy anaangua kile kicheko chake, DJ anatafsiri juu kwa juu, na hakuna hata mmoja kwenye benchi anayejiuliza jina lile limetoka wapi. Ukimweleza mtu leo kwamba Murphy ni jina la Kiairishi, tena ndilo linaloongoza kwa wingi huko Ireland, maswali huja mbio. Kumbe Eddie ni Mwairishi? Na hao wa Ireland wote ni ndugu? Ukiingia mtandaoni kutafuta majibu, utakutana kwanza na wauza vikombe vyenye ngao ya familia, yaani nembo ya ukoo, na wauza vikombe hawana haraka ya kukuambia ukweli.

"Wote ni uzao wa mfalme mmoja"

Hii ndiyo dhana yenye nguvu kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Kwa Kiairishi jina ni Ó Murchadha, siku hizi huandikwa Ó Murchú, na hiyo "ch" itamke kama "kh" ya sheikh. Maana yake ni mjukuu, au mzawa, wa Murchadh. Huyu Murchadh ni nani? Hapo ndipo kamba inapokatika, maana Murchadh halikuwa jina la mtu mmoja. Lilikuwa jina la kawaida la kumpa mtoto wa kiume, lenye maneno mawili ndani yake: *muir*, bahari, na *cath*, vita. Wavulana wengi waliitwa hivyo, sehemu nyingi, bila kujuana. Mtu akisema kila anayeitwa bin Juma ni wa mlango mmoja, pwani nzima itamcheka. Basi na huku ni vivyo hivyo.

Kuna akina Ó Murchadha wa Wexford, kusini mashariki, waliotawala eneo lililokuja kuitwa tarafa ya Ballaghkeen. Kuna wengine wa upande wa magharibi, Sligo na Roscommon. Kule kaskazini, Tyrone, walikuwapo Mac Murchadha, wana wa Murchadh mwingine kabisa, ambao karatasi za Kiingereza ziliwageuza nao wakawa Murphy. Mito mitatu, jina moja mdomoni.

Mfalme anayetajwa na wauza vikombe ni Diarmait Mac Murchada wa Leinster. Kisa chake si cha kujivunia sana. Mwaka 1166 alifukuzwa kwenye ufalme wake, akavuka bahari kumwomba msaada Henry II wa Uingereza. Mwaka 1169 wapiganaji wa Kinormani, watu waliotawala Uingereza wakati huo, wakashuka Bannow, pwani ya Wexford, na mwaka uliofuata Diarmait akamwoza binti yake Aoife kwa Richard de Clare, yule maarufu kwa jina la Strongbow. Mfalme akafa mwaka 1171, wageni wakabaki. Waairishi wengi wanamkumbuka kama mtu aliyefungua mlango na kuwakaribisha Waingereza ndani, kwa hiyo sielewi vizuri anayelipa pesa ili aandikiwe cheti cha kuwa mjukuu wake.

Lakini hata anayetaka hapati. Uzao wa Diarmait ulishika majina mengine: MacMurrough, na Kavanagh, linalotokana na mwanawe Domhnall Caomhánach. Akina Ó Murchadha wa Wexford walikuwa jamaa wa mbali ndani ya kundi lile lile kubwa la kusini mwa Leinster, Uí Cheinnselaig. Jamaa wa mbali hawi mjukuu. Wakitaka shujaa wao wenyewe, wanaye padri John Murphy wa Boolavogue, aliyewaongoza wanakijiji wa Wexford katika uasi wa mwaka 1798 na kuuawa Tullow mwezi Julai mwaka huo huo.

Damu nayo imeshaulizwa. Mwaka 2006 watafiti wa Trinity College, Dublin, walichapisha uchunguzi wa kromosomu Y, ile inayopita kwa baba kwenda kwa mwana, kwa wanaume zaidi ya 1,000 wenye majina 43 ya Kiairishi. Yapo majina ambayo wengi wa wenye nayo walirudi kwa baba mmoja wa zama za kati. Yapo mengine yaliyoonyesha kina baba wengi waliotumia jina moja. Jina linaweza kukupa pa kuanzia kutafuta, lakini halithibitishi nasaba.

"O' ni kifupi cha neno la Kiingereza, na Mac ni ya Waskoti"

Hapana, mara mbili. Ó ni neno kamili la Kiairishi, zamani likiandikwa *Ua*, na maana yake ni mjukuu au mzawa. Ile alama ya juu ilikuwa mkazo uliokaa juu ya herufi yenyewe. Makarani walioandika kwa Kiingereza waliisogeza pembeni ikawa koma inayoning'inia, na koma hiyo ndiyo iliyozaa dhana.

Mac ni *bin* yao, basi. Ali bin Salim, Diarmait Mac Murchada. Neno ni lile lile Ireland na Uskoti, kwa sababu lugha za Kigaeli za pande hizo mbili ni dada. Na wale wanaoapa kwamba "Mc" ni ya Ireland na "Mac" ni ya Uskoti wanabishania mwandiko tu: Mc ni ufupisho wa Mac, hakuna zaidi.

Kitu ambacho wasimuliaji wengi wa Kiingereza hukipita, na mtu wa huku kwetu hukidaka mara moja, ni kwamba mwanamke habebi Ó. Binti wa nyumba ya Ó Murchú ni Ní Mhurchú, na mke aliyeolewa humo huwa Uí Mhurchú. Binti wa nyumba yenye Mac huchukua Nic. Mswahili aliyezoea *bin* na *binti* hahitaji maelezo. Wala Mjaluo, ambaye mwanawe aliyezaliwa jua likiwa utosini ni Ochieng na binti yake ni Achieng.

Na kwa kuwa tumefika Nyanza: hiyo O ya Wajaluo haina undugu wowote na Ó ya Waairishi, ingawa utani wa "O'Bama" ulitembea sana. Barack Obama ana damu ya Ireland kweli, lakini inapita kwa mama yake, kwa Falmouth Kearney aliyeondoka kijiji cha Moneygall mwaka 1850 kwenda Marekani. Rais alipozuru Ireland Mei 2011 alisimama mbele ya umati wa Dublin akasema amerudi nyumbani kutafuta ile koma iliyopotea njiani. Umati ulishangilia. Jina lenyewe la Obama lilitoka upande wa baba, Kenya, na halikuwahi kuwa na koma ya kupoteza.

"Waingereza walipiga marufuku O na Mac"

Hapa pana chembe ya ukweli, ndiyo maana dhana haifi. Mwaka 1465, enzi za Edward IV, ilipitishwa sheria iliyowataka Waairishi waliokaa Dublin na kaunti za jirani zilizokuwa chini ya mamlaka ya Uingereza wachukue majina ya Kiingereza: ya mji kama Sutton, ya rangi kama White, ya kazi kama Smith, au ya cheo kama Butler. Lakini sheria hiyo ilihusu kipande kidogo cha nchi. Isitoshe, Murphy si mji, si rangi, si kazi wala cheo. Sheria ingefanikiwa, leo kusingekuwa na Murphy hata mmoja.

Kilichoondoa Ó kilikuja polepole, zaidi katika karne ya 17 na ya 18, baada ya ardhi na madaraka kuhamia kwa waliozungumza Kiingereza. Karani aliandika alichosikia. Mpangaji aliyetaka mkataba wa shamba hakuona faida ya kubishania herufi. Nyumbani watu waliendelea kusema Ó Murchú, kwenye karatasi wakawa Murphy. Jina la nyumbani na jina la cheti: nani kati yetu hajui mambo hayo?

Chama cha kufufua Kiairishi kilipoundwa mwaka 1893, familia nyingi zikaanza kuirudisha O. Akina Sullivan wengi wakawa tena O'Sullivan. Akina Murphy, la. Huyo O'Murphy ninayemjua mimi kwenye historia ni Marie-Louise, aliyezaliwa Rouen, Ufaransa, mwaka 1737, katika familia yenye asili ya Ireland, akaja kuwa kimada wa mfalme Louis XV. Herufi iliyodondoka Ireland ikapenya jumba la kifalme Ufaransa.

"Maafisa wa Ellis Island ndio waliobadilisha majina"

Kituo cha Ellis Island, New York, kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892, na abiria wa kwanza kuandikishwa alikuwa msichana wa Kiairishi, Annie Moore kutoka Cork. Maafisa pale hawakubuni majina, walihakiki orodha iliyoletwa na meli, na orodha hiyo iliandikwa bandari ya kuondokea. Kikubwa zaidi, wimbi kuu la Waairishi lilikuwa limepita zamani. Njaa Kuu ilianza mwaka 1845 na kudumu hadi mwaka 1852, viazi vikioza ardhini. Takriban watu milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakapanda meli. Sensa ya mwaka 1841 ilihesabu watu milioni 8.2 kisiwani, ile ya mwaka 1851 ikakuta milioni 6.6. Waliokimbia njaa hiyo walikuwa Murphy tayari walipokanyaga gati la New York.

"Ukitaka kuwaona akina Murphy, nenda Ireland"

Utawaona, ndiyo. Robert Matheson, wa ofisi ya usajili ya Dublin, alikokotoa kutokana na watoto walioandikishwa kuzaliwa mwaka 1890 kwamba kulikuwa na akina Murphy wapatao 62,600, wakifuatiwa na Kelly 55,900. Jina lilionekana nchi nzima, lakini uzito ulikuwa Cork, Dublin na Wexford. Cork ndiyo inayohesabiwa leo kuwa ngome yao. Dublin ni hadithi ya mji mkuu popote: huvuta watu kutoka kila kona, kwa hiyo wingi wa jina pale hauonyeshi chimbuko lake. Hata sasa, zaidi ya karne moja baadaye, ofisi ya takwimu ya Ireland ikihesabu watoto wachanga kwa jina la familia, Murphy huonekana kileleni.

Lakini wengi wao hawako Ireland. Sensa ya Marekani ya mwaka 2010 ilikuta zaidi ya 308,000, karibu mara tano ya wale wa Matheson. Hata hivyo jina linashuka ngazi huko: mwaka 2000 lilikuwa nafasi ya 58 kwa wingi, mwaka 2010 nafasi ya 64. Akina Murphy hawakupungua. Majina ya Kihispania kama Gomez na Diaz yameongezeka kwa kasi zaidi.

Hapa Eddie anarudi ukumbini. Takriban mmoja kati ya kumi wa akina Murphy wa Marekani ni mweusi. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, watu walioachiwa huru waliingia kwenye daftari za serikali na majina ya familia. Wengine walibeba jina la bwana wa zamani, wengine walijichagulia, na wapo waliokuwa na babu mzungu ambaye hakuwahi kuwakiri. Kwa jina pekee huwezi kujua ni njia ipi, na anayekuambia Eddie Murphy ni Mwairishi kwa sababu ya jina anakisia.

Wala si Njaa Kuu peke yake iliyowatawanya. Kabla yake wavuvi na vibarua wa kusini mashariki mwa Ireland walikuwa wamehamia Newfoundland, ambako Murphy ni jina la kawaida mpaka leo. Mwaka 1844, viazi vikiwa bado vizima, kijana John Murphy wa Wexford alisafiri kwenda Argentina, akafanikiwa katika ufugaji wa kondoo. Katika mkoa wa Santa Fe upo mji unaoitwa Murphy, na wakazi wake wanazungumza Kihispania. Bingwa wa sataranji Paul Morphy, aliyezaliwa New Orleans mwaka 1837, alikuwa na asili ya Ireland iliyopitia Uhispania, na hiyo "o" ni jina lile lile kwa tahajia nyingine.

Ngao, na ile Kanuni

Kuhusu vikombe: ngao hutolewa kwa mtu, na hurithiwa na uzao wake. Jina la familia halina ngao. Kazi hiyo Ireland hufanywa na Mkuu wa Nembo, ofisi iliyorithi mwaka 1943 shughuli zilizoanza mwaka 1552 chini ya taji la Uingereza. Ngao ya kwenye kikombe huenda ni ya Murphy fulani kweli, ila si wewe.

Na Kanuni ya Murphy, ile isemayo kinachoweza kuharibika kitaharibika, si methali ya wakulima wa Cork. Inatokana na mhandisi Edward Murphy, aliyehusika na majaribio ya jeshi la anga la Marekani kwenye jangwa la California mwaka 1949, vipimo vilipofungwa vibaya na visisome chochote. Mwenyewe alizaliwa Panama.