Nyuzi kwenye Zege Haziondoi Haja ya Nondo

Malalamiko kuhusu matengenezo ya slabu na nguzo yameongezeka, hasa kwa majengo ya ukanda wa bahari, Tanga hadi Mtwara. Mwenye nyumba anauziwa "zege la nyuzi", yaani zege lililochanganywa na nyuzi fupi za plastiki au chuma, kwa bei kubwa, kisha kiraka kinabanduka baada ya msimu mmoja wa mvua. Tunaamini wengi wanatafuta usalama wa familia na wapangaji wao. Lakini dai kwamba ukitia nyuzi huhitaji tena nondo ni la hatari, na tumeshalijibu mara nyingi mno.

Nyuzi za plastiki huwekwa kwa kiasi kidogo, mara nyingi chini ya kilo moja kwa mita ya ujazo. Kazi yake ni kupunguza nyufa za saa za mwanzo, zege linapokaushwa na jua na upepo. Hazibebi ghorofa. Zege la ubora wa juu sana ni kitu kingine: halina kokoto, lina unga laini wa silika, na nyuzi za chuma za takriban milimita 13 hufikia asilimia 2 ya ujazo, yaani kilo 157 hivi kwa mita ya ujazo. Nguvu yake ya kuhimili mgandamizo huvuka niutoni 120 kwa milimita ya mraba. Zege tulilozoea majumbani ni 25 hivi. Maji yake ni machache, kwa hiyo hulainishwa kwa kemikali maalumu. Fundi akiongeza ndoo ya maji "ili limwagike vizuri", ameshaliharibu.

Nchini Uswisi, madaraja ya Chillon kando ya Ziwa Geneva yaliimarishwa mwaka 2014 na 2015 kwa tabaka la zege hilo la ubora wa juu sana, la milimita 40 tu, juu ya slabu. Hata humo waliweka nondo.

Kiraka hubanduka kwa sababu kutu inaendelea chini yake. Zege lililoingiwa na chumvi litolewe mpaka nyuma ya nondo, nondo zisuguliwe hadi ziwe safi, zilizolika ziongezewe, na uso wa zamani uparuzwe na kuloweshwa bila maji kutuama. Kabla ya kubomoa, mhandisi aliyesajiliwa aamue jeki, yaani nguzo za muda za kushikilia jengo, zikae wapi.

Ukigusa nguzo, boriti au slabu, hiyo si plasta: omba kibali halmashauri, ukiambatanisha michoro na ripoti ya mhandisi, tumia mkandarasi aliyesajiliwa, tundika bango la mradi. Sampuli za zege zichukuliwe siku ya kumwaga, zipimwe nguvu siku ya 7 na ya 28. Bila kibali, kazi inaweza kusimamishwa, ukatozwa faini, au ukaamriwa kubomoa kwa gharama zako. Kusema "fundi ndiye aliyenishauri" hakukuondolei wajibu.

Kama kiraka kimeshawekwa, usikibandue mwenyewe. Slabu ikiwa imeanza kupinda, waondoe watu chini yake leo, kisha umwite mhandisi.