Mkopo wa Ukombozi Nao Unahitaji Leseni

Malalamiko ya mikopo ya kausha damu, yaani ya riba kubwa inayomkamua mkopaji, yameongezeka, na mengi yanafanana: mkopeshaji alijitambulisha kuwa mradi wa kuwainua kina mama, basi hakuna aliyemuuliza leseni. Nia njema si leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya Tanzania ya mwaka 2018 inagawa watoa huduma katika madaraja manne: mkopeshaji asiyepokea amana, yaani asiyetunza akiba za watu, yuko daraja la pili na hupewa leseni na Benki Kuu. SACCOS, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, ni daraja la tatu, chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kikundi cha kijamii kama VICOBA, chenye wanachama 10 hadi 50, ni daraja la nne na husajiliwa kupitia halmashauri. Kukopesha kwa simu hakumwondoi mtu kwenye utaratibu huu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu za simu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali.

Hatupingi biashara yenye lengo la kijamii. Mwanauchumi Muhammad Yunus alipoanza kukopesha maskini wa kijiji cha Jobra, Bangladesh, mwaka 1976, alionyesha kwamba asiye na hati ya nyumba naye hukopesheka, tena hulipa. Lakini kule Andhra Pradesh, India, wakopeshaji waligombania kaya zilezile, watu wakakopa huku ili walipe kule, hadi serikali ya jimbo ikaingilia kati mwaka 2010. Tafiti za nchi sita zilizochapishwa pamoja mwaka 2015 ziliona mikopo midogo ina manufaa ya kiasi, si mageuzi ya maisha.

Mkopo huleta mtaji, hauleti wateja. Kina mama kumi wa mtaa mmoja wakikopeshwa wote wauze vitumbua, walaji hawaongezeki. Na mkopo wa kulipa bili ya hospitali hauzalishi rejesho. Kwa matibabu, muone kwanza afisa ustawi wa jamii wa hospitali ya umma kuhusu msamaha wa gharama. Mwenye kikundi aulize halmashauri mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Inasikitisha bado kuona mtu mzima akikabidhi kadi ya benki na namba ya siri, kisha akasaini mkataba bila kubaki na nakala. Dai nakala. Ukiwa na lalamiko, lipeleke kwanza kwa mkopeshaji kwa maandishi na utunze uthibitisho wa kupokelewa. Asipolitatua, ndipo ulipeleke Benki Kuu pamoja na mkataba na risiti za marejesho.