Mafuriko ya Jangwani huanzia kwenye mapaa ya Kinyerezi

Kila masika yanapokaribia, mijadala ya mafuriko jijini Dar es Salaam huelekea palepale: wakazi wa mabondeni wahame, mitaro izibuliwe, barabara ya Jangwani iinuliwe. Nikiwa mhandisi wa rasilimali za maji, ambaye kazi yangu kubwa ni kupima jinsi mvua inavyogeuka kuwa maji ya mtoni, sina ugomvi na hoja hizo, ila naona zinaanzia mwisho wa safari. Maji yanayofunga Barabara ya Morogoro pale Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi, hayakunyesha yote Jangwani. Sehemu kubwa yake ilidondoka juu ya mabati na nyua za watu wanaoishi mlimani, kama kule Kinyerezi, ambao wengi wao hawajawahi kujiona kuwa ni wahusika wa mafuriko.

Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, ukashuka takribani kilomita 35 hadi Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander, na njiani hupokea mito midogo kama Luhanga, Ubungo na Sinza. Mvua ya Desemba 2011, iliyoua zaidi ya watu 40 na kusababisha kaya nyingi za mabondeni kuhamishiwa Mabwepande, ilikuwa kubwa kupita kawaida. Lakini leo mvua za kawaida kabisa zinatosha kuufanya mto uvunje kingo, kwa sababu ardhi ya juu imebadilika: palipokuwa na mikorosho na nyasi sasa kuna bati, sakafu ya saruji na pevingi, na maji ambayo zamani yalizama taratibu sasa yote huteremka kwa wakati mmoja.

Hesabu yake ni rahisi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Paa la mita 100 za mraba likipata mvua ya milimita 50, jambo la kawaida hapa wakati wa masika, humwaga lita 5,000, yaani simtenki zima kubwa, kabla hatujahesabu ua. Mtaa wenye nyumba 1,000 za namna hiyo humwaga lita milioni tano. Kiasi hicho peke yake si balaa. Balaa ni kwamba kinafika mtoni ndani ya muda mfupi, kikakutana na cha mtaa wa pili na wa tatu. Mto hupimwa kwa maji yanayopita kila sekunde, na ndiyo maana kuyachelewesha maji kwa saa mbili tu kunaweza kuwa na maana kubwa kwa mtu wa chini kuliko kuchimba mtaro mpana zaidi.

Nalisema hili kwa sababu juhudi nyingi za wananchi ninazoziona huishia kwenye kuzibua mitaro. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni jambo jema, na mtaro ulioziba kwa viroba na chupa ni hatari kweli, lakini kuna makosa mawili yanayojirudia. La kwanza ni kuacha mchanga na taka zilizotolewa zikiwa zimerundikwa ukingoni mwa mtaro, hivyo mvua inayofuata huzirudisha zote ndani. Kamati ya mtaa isipange siku ya kuzoa kabla haijapanga gari au mikokoteni ya kubebea. La pili ni kusafisha kipande cha juu na kuacha cha chini, jambo linalompelekea jirani maji mengi zaidi na kwa kasi zaidi. Kazi ianzie chini kwenda juu, na hapo ndipo ramani zinaposaidia: tangu 2015, mradi wa Ramani Huria uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wenyewe kuchora mitaro, madaraja madogo na maeneo yanayofurika katika kata nyingi za jiji. Mwenyekiti wa mtaa anayeiweka ramani mezani huona mara moja mahali ambapo mtaro mpana unaingia kwenye kalavati jembamba.

Nyumbani, hatua ya kwanza ni gata na tenki. Yaachie maji ya mwanzo yapite, kwa sababu hubeba vumbi na kinyesi cha ndege. Kwa paa la mita 100 za mraba, lita 100 hadi 200 za kumwaga zinatosha. Tenki lifunikwe vizuri na bomba la kumwagikia liwekewe wavu, kwa kuwa mbu anayeeneza homa ya dengue, iliyolisumbua jiji hili mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana kwenye maji ya namna hiyo. Jambo ambalo watu husahau ni kwamba tenki lililojaa halizuii tena mafuriko. Lipunguzwe mvua inapokatika, maji yatumike kufulia, kumwagilia na kuvuta choo, ili libaki na nafasi kabla wingu jingine halijafika.

Ziada ya tenki ielekezwe kwenye shimo la kupenyezea maji au kwenye bustani iliyochimbwa chini kidogo ya usawa wa ua. Kabla ya kuchimba, pima udongo wako: chimba kishimo cha futi mbili, kijaze maji, yaache yazame, kisha kijaze tena na uangalie saa. Maji yakizama ndani ya siku moja, mahali hapo panafaa. Yakibaki, una udongo wa mfinyanzi au maji ya ardhini yako karibu, kama ilivyo sehemu nyingi za Msasani na Mikocheni, na hapo usilazimishe. Tegemea tenki na mimea. Shimo likae angalau mita tatu kutoka kwenye msingi wa nyumba na mbali kabisa na shimo la choo. Kwenye miteremko mikali pia sipendekezi shimo, kwa sababu maji yaliyozama yanaweza kuubomoa ukingo kwa ndani. Huko panda vetiva, aina ya nyasi, kwa mistari inayokata mteremko, maana mizizi yake huzama mita mbili au zaidi na kuushika udongo.

Kuhusu choo, niseme wazi. Kutapisha vyoo mvua inaponyesha, kwa kutegemea kwamba mtaro utayabeba yote, ni kumwagia kipindupindu mtoto wa jirani wa chini. Hakuna shimo la kupenyezea wala bustani itakayofidia hilo. Serikali ya mtaa ina mamlaka ya kulikataza, na kaya zinazoshindwa gharama ya gari la kunyonya zinaweza kuchangishana na kuliita kwa pamoja wakati wa kiangazi.

Kingo za mto nazo zina sheria yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo, lakini katazo lisilo na mlinzi huwa dampo. Vikundi vinavyopanda mianzi na kuacha matete yaote vinaufanya ukingo uwe na mwenyewe, na pia huona mapema wachimba mchanga, ambao kwa kushusha kitako cha mto huzifanya kingo za pande zote mbili ziporomoke kuelekea nyumba za watu.

Miezi ya Julai hadi Septemba ndiyo ya kufanya haya yote, kwa kuwa udongo ni mkavu na mafundi hawajabanwa. Mkutano wa mtaa uanze na swali la njia ya maji: yanapotoka kwa huyu yanapita kiwanja cha nani, na je, mwenye kiwanja amekubali? Makubaliano hayo yaandikwe mbele ya mjumbe, upana wa njia ukitajwa kwa mita, kabla mtu yeyote hajajenga ukuta juu yake.