Mkufu wa 14K usio wa dhahabu tupu: dhana potofu na ukweli

Kwenye maduka ya masonara jijini Mwanza, na hata katika mitumba ya Mlango Mmoja, huonekana mikufu, bangili na saa za zamani zenye mhuri mdogo kama «1/20 14K GF». Wengi husoma 14K peke yake, wakaamini kwamba kito kizima ni dhahabu ya karati 14, na wakaingia katika mazungumzo ya bei wakiwa na tumaini lisilo na msingi. Herufi GF humaanisha kwamba kito kimevikwa dhahabu: ndani ni shaba ya manjano au metali nyingine ya bei ndogo, na juu yake limebanwa tabaka la dhahabu kwa joto na mgandamizo. Namba 1/20 ndiyo inayobeba hesabu yote, kwa kuwa husema kwamba tabaka hilo ni sehemu moja katika ishirini ya uzito wa metali.

Chukua mkufu wa gramu 20. Sehemu ya ishirini ni gramu 1, nayo ni ya karati 14, yaani sehemu 14 kati ya 24 ndizo dhahabu safi. Jibu ni takriban gramu 0.58. Tukikadiria, kwa mfano tu, kwamba gramu ya dhahabu safi ni shilingi 300,000, dhahabu iliyomo ni ya shilingi 175,000. Anayedhani mkufu wote ni wa karati 14 atatarajia shilingi 3,500,000 kutoka kwenye mkufu uleule.

Wapo wanaokosea upande wa pili na kusema kwamba kito cha namna hii ni cha kuchovya tu, hakina thamani. Huu nao si ukweli. Kito kilichochovywa, ambacho mara nyingi huwa na alama GP, GEP au HGE, hubeba utando mwembamba usiofaa kuyeyushwa kwa faida, ilhali taratibu za Marekani, ambako vingi vya vito vya GF vilitengenezwa, hudai angalau sehemu ya ishirini. Alama RGP huashiria tabaka lililobanwa vilevile, lakini huweza kuwa pungufu ya kiwango hicho, hivyo sehemu iliyoandikwa isomwe kwa makini.

Sumaku haitoshi kuamua, maana shaba haivutwi kama ambavyo dhahabu haivutwi. Tindikali iliyodondoshwa juu ya uso hukutana na dhahabu halisi na kutoa jibu la kupotosha. Fundi mwangalifu hukwaruza kwa tupa mahali pasipoonekana, karibu na kifungo, na tindikali ya naitriki ikifika kwenye shaba hutoa povu la kijani. Kabla ya kupima uzito, mawe, springi na mashine ya saa huondolewa, na mikanda ya saa huchunguzwa kwa sababu mingi ina chuma upande wa ndani. Kito kilicholika hadi shaba kuonekana kimepoteza dhahabu, na mhuri hauwezi kuirudisha kwenye hesabu.

Dhana inayonitia hofu zaidi ni ile ya kwamba mtu anaweza kuitoa dhahabu hiyo nyumbani. Tindikali ya naitriki ikila shaba hutoa moshi wa kahawia unaodhuru mapafu, na maji yenye shaba yanayobaki, yakimwagwa mtaroni, huelekea ziwani walipo samaki. Zebaki nayo haisaidii, kwa sababu hushikamana na shaba kama inavyoshikamana na dhahabu, na mvuke wake ni sumu.

Mnunuzi wa dhahabu chakavu atakata gharama za kutenganisha, kwa hiyo zile shilingi 175,000 ni kikomo cha juu, wala si bei ya kupewa mkononi. Mkufu ambao bado unang'aa na kifungo chake ni kizima huenda ukapata zaidi kwa mtu anayetaka kuuvaa.