Kuhamisha barua pepe za ofisi: dhana potofu na ukweli

"Seva ikizimika saa moja tu, barua za saa hiyo zimepotea."

Hazipotei. Seva ya mtumaji ikishindwa kuifikia yako, huiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena baadaye. Kanuni za mwaka 2008 za SMTP, utaratibu ambao seva hutumiana barua, ziitwazo RFC 5321, zinashauri iendelee kujaribu kwa siku 4 hadi 5. Hatari kubwa ni seva mpya iliyo hewani lakini haijafunguliwa akaunti zote. Hiyo hujibu kwa msimbo 550, kwamba mtu huyo hayupo, na barua humrudia mtumaji papo hapo. Anwani za pamoja, kama ile ya mauzo au ya uhasibu, ndizo husahaulika zaidi.

"Mabadiliko ya DNS huchukua saa 48, hakuna la kufanya."

Lipo la kufanya, na ndilo linaloamua kama ofisi itahisi kuhama au la. Katika DNS, orodha ya mtandaoni ya majina na seva zake, rekodi ya MX, inayoelekeza barua za kikoa chako (jina linalofuata @) ziende seva gani, ina TTL: idadi ya sekunde ambazo wengine wanaruhusiwa kuikumbuka kabla ya kuuliza upya. Ikiwa ni 86400, kwa siku nzima baada ya kubadilisha MX kuna barua zitakazoendelea kwenda seva ya zamani. Ishushe hadi 300, yaani dakika 5. Lakini ishushe zaidi ya siku moja kabla ya kuhama, kwa sababu aliyeichukua rekodi jana bado anaishika ile 86400. Kushusha TTL dakika ileile unayobadilisha MX hakusaidii kitu, na wengi hufanya hivyo.

"Tukishahama, seva ya zamani izimwe."

Iache iendelee kupokea walau wiki moja. Programu ya imapsync hunakili barua kutoka seva hadi seva kupitia IMAP, njia ya kusoma barua zikibaki kwenye seva, na ukiirudia huchukua zile tu ambazo bado hazijafika. Basi nakili mzigo mkubwa siku kadhaa kabla, badilisha MX Ijumaa jioni, kisha nakili tena kuokota zilizochelewa.

"Barua zote ziko kwenye seva."

Si kwa anayetumia POP3, njia inayoshusha barua kwenye kompyuta na mara nyingi kuzifuta kwenye seva. Huenda barua za mhasibu za miaka mingi zimo ndani ya kompyuta yake peke yake. Muulize kabla hujamfungulia akaunti mpya.

"Barua zinaingia, kazi imekwisha."

Zinazotoka je? Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanamdai kila mtumaji uthibitisho wa SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa chako) au DKIM (sahihi ya kidijitali ndani ya barua), na wanaotuma kwa wingi wanadaiwa vyote viwili pamoja na DMARC (maagizo ya nini kifanyike barua isipothibitishwa). Ongeza seva mpya kwenye rekodi ya SPF iliyopo; usiandike ya pili, maana mbili huibatilisha kabisa. Kisha tuma barua ya majaribio kwenda Gmail, fungua vichwa vyake (maelezo ya kiufundi yanayosafiri na barua), na usiwaruhusu wenzako kuanza kutuma mpaka uone spf=pass na dkim=pass.