Kabla hujasambaza hio fomu, soma hapa

Kila mara kuna mtu ananitumia linki ya fomu ya Google kwa WhatsApp, "nijazie tafadhali nataka kufungua biashara", na mie hujaza, lakini najua hio linki imezunguka grupu la familia na grupu la waliosoma pamoja, kwa hivo majibu yote ni ya watu wanaompenda. Kazi yangu ni utafiti wa soko hapa Mombasa na hili linaniuma, manake watu wanatia akiba zao kwa biashara hizo.

Fomu si mbaya. Ni rahisi, ni ya haraka, na inakupa kitu cha kuhesabu. Shida ni nani aliyejibu. Marekani mwaka 1936 jarida la Literary Digest liliuliza watu watampigia nani kura ya urais, likapata majibu zaidi ya milioni 2 likatangaza Landon atamshinda Roosevelt, na Roosevelt akashinda kwa kishindo. Majina mengi walikua wameyatoa kwa orodha za wenye simu na magari, wakati nchi iko kwa dhiki na wengi hawana vitu hivo. George Gallup, mtafiti wa maoni ya watu, alitumia watu wachache zaidi, akapatia mshindi. Kwa hivo usijisifu ati umejaziwa fomu elfu mbili, ikiwa mama muuza samaki wa Likoni mwenye kabambe, kile kisimu kisichofungua linki, hajaiona fomu yako. Watu kama 400 tu, wakichaguliwa kwa bahati nasibu kweli, mara nyingi makadirio yako hayaendi mbali zaidi ya asilimia 5 hivi juu au chini.

Mahojiano ya ana kwa ana yanakupa sababu, ambayo fomu haiwezi. Lakini sisi watu wa pwani tuna adabu zetu, ukimpa mtu juisi ya ukwaju uliyotengeneza mwenyewe ukamuuliza "ni tamu?" atakwambia tamu mashallah, nani akuvunje moyo mbele ya uso wako? Usimuulize kama ameipenda ama kama atanunua. Muulize mara ya mwisho alinunua juisi lini, wapi, alilipa ngapi. Hapo hana haja ya kukufurahisha.

Majadiliano ya kikundi, watu 6 hadi 10, yanafaa sana ukitaka kujua watu wanalizungumzia vipi jambo na mawazo gani wewe mwenyewe hukuwa nayo. Ila yanakula pesa (nauli, chai, ukumbi, mtu anayejua kuongoza) na mzee mmoja akishasema, vijana wote "kama alivosema mzee". Inabidi uwatenge, vijana kando wazee kando, na gharama inapanda. Na tafadhali, watu 7 kati ya 8 wakipenda kitu usiandike asilimia 87.5 kwa ripoti, watu wanane ni wachache mno.

Njia ninayoiamini zaidi ni kukaa ukaangalia. Muulize mtu nyumbani kwake Kisauni ananunua mafuta gani ya kupikia, atakutajia chupa ya lita. Halafu kaa duka la mtaani saa kumi na moja jioni, utaona watoto wanakuja na vikombe, mafuta ya kupima ya shilingi 20, nyanya mbili, kitunguu kimoja. Hakuna aliyekudanganya, amekutajia anachonunua akiwa na pesa. M-Pesa yenyewe ilijaribiwa 2005 kwa ajili ya kulipa mikopo midogo, wakaona watu wanatumiana pesa tu, na 2007 ikatoka kama huduma ya kutuma pesa. Ubaya wa kuangalia ni kwamba huoni sababu, inakula muda, na msimu unaweza kukupoteza kabisa: ukihesabu wateja wa tambi na juisi Ramadhani halafu ukapangia mwaka mzima, utaumia mfungo ukiisha na Shawwal ikiingia.

Takwimu nyingi zilizochapishwa ni za bure, sensa ya 2019 inakwambia Mombasa ina watu kama milioni 1.2, lakini haikwambii kitu kuhusu kona yako ya Bombolulu.

Ukiwa na pesa kidogo, anza kwa kuangalia, hoji watu kumi kumi na tano usiowajua, kisha uza kidogo kwa bei mbili tofauti uone. Fomu iwe mwisho, ukishajua cha kuuliza. Na ukichukua namba za simu, mwambie mtu unazitakia nini na akubali kwanza, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inakuhusu hata kama una kibanda tu.