Je, wajua? Mzabibu wa Regent hujikinga kwa kuua seli za jani lake

Wengi wakisikia kuwa Regent, mzabibu wa mvinyo mwekundu, unastahimili magonjwa, hudhani ama vimelea haviwezi kuuingia, ama vinasaba vyake vilibadilishwa maabara. Hakuna lililo kweli kati ya hayo.

Tuanze na la pili. Regent ni chotara aliyepatikana kwa njia ya kawaida: chavua ya mzabibu mmoja hupakwa kwenye ua la mwingine, kisha mbegu huoteshwa na miche kuchujwa miaka mingi. Ulizalishwa mwaka 1967 na Gerhardt Alleweldt katika taasisi ya Geilweilerhof, Ujerumani. Wazazi wake ni Diana na Chambourcin, na huyu wa pili ni chotara wa Kifaransa mwenye asili ya mizabibu mwitu ya Amerika. Kinga ilitoka huko. Ugonjwa ambao Regent huustahimili, ubwiri vinyoya (ukungu unaoshambulia majani), nao ulitoka Amerika, ukaonekana Ufaransa mwaka 1878, na mizabibu ya Ulaya haikuwa imewahi kupambana nao. Wakulima wakaanza kupuliza mrututu uliochanganywa na chokaa.

Sasa la kwanza, ambalo ndilo hasa la ajabu. Kimelea cha ubwiri vinyoya huingia. Jani likilowa, spora zake huogelea hadi kwenye vitundu ambavyo jani hupumulia, zikachipua na kupenya ndani. Lakini kimelea hiki hula seli iliyo hai tu. Ikifa, hakina chakula.

Regent hutumia udhaifu huo. Moto ukishika nyikani, watu hukimbia mbele yake na kufyeka ukanda wa nyasi. Nyasi zile zimepotea, ila moto ukifika hapo haukuti cha kuunguza. Ndivyo jani linavyofanya: likishamtambua mvamizi, seli alizozigusa na za jirani hujiua. Hubaki vidoa vidogo vya kahawia, na jani lililosalia huendelea na kazi. Kwa hiyo vidoa hivyo kwenye Regent vinaweza kuwa alama ya kinga iliyofanya kazi. Mzabibu usio na kinga hii huchelewa kumtambua adui, naye hutapakaa jani zima.

Hata hivyo, kustahimili si kutougua kabisa. Kimelea kikizidi, hasa mvua zikifululiza, Regent nao huathirika, na wakulima wengi bado hupuliza dawa, ingawa mara chache zaidi. Tena kinga hii hutegemea sana sehemu moja ya vinasaba, Rpv3, iliyo kwenye kromosomu ya 18. Mwaka 2010 watafiti walieleza aina ya kimelea iliyoweza kuishinda Rpv3 katika mzabibu mwingine, Bianca. Ndiyo maana wazalishaji wa mbegu sasa huunganisha kinga kadhaa katika mzabibu mmoja, zikiwemo Rpv10 na Rpv12 kutoka mzabibu mwitu wa Asia Mashariki, Vitis amurensis, ili kimelea kinachoipita ya kwanza kikutane na ya pili.